Klachi ya Bodaboda Iliyozeeka: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Pleti

Pikipiki inayopandisha gunia la mahindi kutoka Mamboleo kuelekea Riat huonyesha hali ya klachi yake kabla ya kufika nusu ya kilima. Injini hupanda resi (huzunguka kasi) na kunguruma, lakini gurudumu la nyuma halifuati, na punde harufu ya oili iliyoungua huanza kumfikia abiria. Mwendeshaji hurudi mjini Kisumu akiwa ameshaamua kwamba pleti za klachi, zile sahani nyembamba zinazobanana ili kupitisha nguvu ya injini, zimekwisha, na fundi naye mara nyingi humkubalia bila kugusa chochote, kwa kuwa kuuza pleti ni rahisi kuliko kutafuta chanzo cha tatizo. Nimefungua injini nyingi za namna hiyo nikakuta pleti bado zina maisha, huku tatizo likiwa kwenye kebo, kwenye oili, au kwenye hausingi, yaani kikombe kinachobeba pleti, ambayo hakuna aliyeitazama mara mbili zilizotangulia injini ilipofunguliwa.

Maelezo haya yanahusu pikipiki za kazi zenye injini ya cc 100 hadi 150, zile zilizobeba watu na mizigo kwa miaka mingi na ambazo kifuniko chake cha klachi kimeshafunguliwa na mikono mingi. Vipimo hutofautiana kati ya aina moja na nyingine, kwa hiyo pale ninapotaja tarakimu, kitabu cha mtengenezaji wa pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho.

Kinachotendeka ndani ya kifuniko

Klachi ya pikipiki hizi hukaa upande wa kulia wa injini, na hufanya kazi ikiwa imelowa oili ileile inayolainisha pistoni na gia. Hausingi ni kama kikombe kikubwa chenye vidole kandokando, na huzungushwa na krankishafti, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, kupitia gia. Pleti za msuguano, zenye vipande vya rangi ya kahawia vilivyobandikwa pande zote mbili, zina masikio yanayoingia kati ya vidole hivyo. Katikati ya kila mbili hukaa pleti tupu ya chuma, ambayo meno yake hushika habu iliyofungwa kwenye shafti ya gia. Springi, ambazo kwa kawaida ni nne, huzibana pleti zote pamoja kupitia presha pleti, yaani sahani ya kubania, na hapo nguvu ya injini hufika kwenye gia. Ukivuta leva ya klachi iliyo kwenye usukani, kebo huvuta mkono mdogo ulio juu ya injini, mkono huo huisukuma presha pleti itoke nje, na pleti huachana.

Kutokana na mpangilio huo hutokea jambo ambalo ningependa kila mwendeshaji alifahamu. Kadiri pleti za msuguano zinavyoisha, presha pleti husogea ndani zaidi, na ulegevu wa leva hupungua wenyewe. Kebo inaporefuka, mambo huwa kinyume, kwa maana ulegevu huongezeka. Kwa hiyo leva iliyokaza pasipo mtu yeyote kuigusa inakuambia kwamba pleti zinaisha, na leva iliyolegea siku baada ya siku inakuambia uitazame kebo. Habari hiyo huipati tena kwa mtu aliyekaza kebo kila asubuhi bila kukumbuka alikaza mara ngapi.

Klachi inateleza

Kwanza hakikisha kwamba inateleza kweli. Tafuta barabara tambarare isiyo na msongamano, ingia gia ya juu ukiwa na mwendo wa wastani, kisha fungua mafuta kwa ghafla. Ikiwa resi zinaruka juu na mwendo unabaki palepale, klachi inateleza. Ikiwa resi hazipandi na pikipiki imechoka tu, tatizo liko kwenye nguvu ya injini, na klachi haihusiki. Waendeshaji waliozoea Kisumu, ambayo iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, wakihamia Nakuru iliyo karibu mita 1,850, hulalamika kwamba pikipiki imepoteza uwezo wa kupanda. Hewa ya Nakuru ni nyembamba zaidi, na injini ya karabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli) isiyorekebishwa hupungukiwa nguvu huko hata kama klachi yake ni mpya. Mnyororo unaoruka juu ya sproketi iliyochongoka nao huwadanganya wengi, lakini huo hujitambulisha kwa mlio wa kugonga na mshtuko unaousikia miguuni, ilhali klachi huteleza kimya.

Ukishathibitisha, anza na leva. Shika ncha yake na uivute taratibu mpaka uhisi uzito wa springi. Umbali wa ncha hiyo kabla ya uzito ndio ulegevu, na kwa pikipiki nyingi ndogo hutakiwa kuwa kati ya milimita 10 na 20. Geuza usukani kushoto hadi mwisho, upime, kisha kulia hadi mwisho, upime tena. Ulegevu ukibadilika sana, kebo imepitishwa vibaya na inavutwa na fremu. Kebo isiyo na ulegevu wowote ni sawa na mtu anayeendesha siku nzima huku vidole vyake vikiilalia leva, kwa sababu springi hazipati nafasi ya kubana kikamilifu. Kijana mmoja aliniletea pikipiki iliyokuwa imebadilishwa pleti mara mbili katika msimu mmoja wa mavuno, na kila mara fundi aliyemtengenezea alikuwa amemkazia kebo hadi mwisho ili klachi iwe nyepesi, kama alivyoomba mwenyewe. Pleti za pili zilikuwa zimeshaanza kuwa nyeusi. Nililegeza nati moja, nikamwagiza aende Kiboswa na kurudi akiwa na mzigo wake wa kawaida, na hakuona haja ya kununua pleti za tatu.

Ulegevu ukiwa sawa, chunguza oili. Hapa ndipo ninapowasihi wenzangu wasifanye haraka, kwa kuwa oili nzuri ya gari inaweza kuwa sumu kwa klachi ya pikipiki. Oili nyingi za magari ya kisasa zina viungo vya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta, na klachi iliyolowa inategemea msuguano uleule ambao viungo hivyo vinauondoa. Tafuta kwenye mkebe alama ya JASO (kiwango cha Kijapani cha oili) MA au MA2, ambayo maana yake ni kwamba oili hiyo imepimwa kwa klachi za aina hii. Alama ya JASO MB ni ya pikipiki ambazo klachi yake haikai ndani ya oili ya injini, kama skuta nyingi, kwa hiyo iache dukani. Unene wa 20W-50 au ule ulioandikwa kwenye kitabu chako unafaa kwa joto letu la kando ya ziwa, lakini unene peke yake hauthibitishi chochote kama alama ya JASO haipo. Oili inayouzwa kwa kupimwa kutoka kwenye pipa lisilo na jina siishauri kabisa, hata kama bei yake inavutia.

Vuta kijiti cha kupimia na unuse. Harufu kali ya kuungua na unga mweusi mwembamba unaobaki kati ya vidole ni pleti zilizosagika. Harufu ya petroli ina maana kwamba karabureta inavujisha mafuta hadi ndani ya injini, na hapo itabidi utengeneze karabureta kwanza, la sivyo oili mpya nayo itaharibika. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Tatizo hili huwapata zaidi wanaofanya kazi upande wa Ahero na Nyando wakati wa mafuriko, pale ambapo pikipiki huvushwa ikiwa imezama hadi kwenye injini. Oili ya namna hiyo imwagwe siku hiyohiyo, ujaze mpya, uendeshe muda mfupi hadi injini ipate moto, kisha uimwage hiyo nayo, kwa sababu kumwaga mara moja hakuondoi maji yaliyojificha kati ya pleti.

Klachi iliyoteleza kwa sababu ya oili isiyofaa huweza kupona baada ya kubadilisha oili mara moja au mbili, iwapo haijaungua. Mpe mwenye pikipiki nafasi hiyo kabla ya kumfungulia kifuniko. Ikiwa bado inateleza, hapo sasa chukua spana.

Klachi haikati

Dalili zake ni kwamba umevuta leva hadi mwisho na pikipiki bado inataka kwenda, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, nutrali haipatikani ukiwa umesimama, na injini inazimika kila mara unapopunguza mwendo karibu na mzunguko wa barabara. Wengi hujizoeza kutafuta nutrali kabla hawajasimama kabisa, na huishi hivyo kwa miezi huku wakizisaga gia zao.

Kama hali hiyo hutokea asubuhi peke yake, usiwe na wasiwasi sana. Oili ikiwa baridi huzishikamanisha pleti, hasa kwa pikipiki iliyolala siku kadhaa. Vuta leva, ingiza gia, uisukume pikipiki mbele na nyuma mara chache injini ikiwa imezimwa, ndipo uwashe. Ikiwa hali hii inaendelea hata injini ikiwa na moto, rudi kwenye ulegevu. Safari hii huenda ni mwingi mno, na leva inamaliza mwendo wake kabla presha pleti haijatoka vya kutosha. Angalia pia kichwa cha kebo pale kinapoingia kwenye leva, kwa kuwa nyuzi zake hukatika moja moja ndani ya tundu hilo, na kila uzi unaokatika huirefusha kebo kidogo hadi siku itakapokatika yote ukiwa katikati ya daraja.

Kebo ikiwa nzima na ulegevu ukiwa sawa, ninaishuku hausingi, na hapa ndipo kazi nyingi za kubadilisha pleti huharibikia. Masikio ya pleti hupiga vidole vya hausingi kila unapoachia na kubana klachi, na kwa kuwa vidole hivyo ni vya aluminiamu, baada ya miaka huchimbika vijishimo. Pitisha ukucha wa kidole gumba kando ya kila kidole cha hausingi, kutoka juu hadi chini. Ukucha ukiteleza bila kukwama, hausingi ni nzima. Ukikwama kwenye ngazi ndogondogo zilizopangana kwa umbali ulio sawa, umeshapata jibu, kwa sababu pleti zinanaswa humo na haziwezi kuteleza nje presha pleti inapotoka. Ukiweka pleti mpya ndani ya hausingi hiyo, masikio yake mapya hunasa vilevile, pengine vibaya zaidi. Itazame habu pia, kwa kuwa meno yake huchimbwa na pleti za chuma kwa namna hiyohiyo.

Vijishimo ambavyo ukucha unavihisi kwa shida vinaweza kusawazishwa kwa tupa laini, mradi upitishe tupa idadi ileile ya mara kwenye kila kidole, na uoshe unga wote wa aluminiamu kabla ya kurudisha chochote. Vikiwa na kina ambacho jicho linakiona ukiwa umesimama wima, nunua hausingi nyingine. Ninajua bei yake inauma, na ninajua kwamba ya mtumba hupatikana, lakini hausingi iliyokatwa kwa tupa kupita kiasi huacha nafasi kubwa kati ya sikio na kidole, na kila unapoachia klachi pleti hugonga kama nyundo mpaka kidole kivunjike na vipande vyake viingie kwenye gia.

Inatetema wakati wa kuondoka

Pikipiki inayodundadunda unapoachia leva taratibu huwa na springi zisizolingana, au pleti za chuma zilizopinda, au kebo kavu inayoachia kwa mikupuo. Kabla ya hayo yote, inua gurudumu la nyuma, ingiza gia, shika gurudumu kwa mikono miwili na ulisukume mbele na nyuma. Raba zilizo ndani ya habu ya gurudumu, ambazo kazi yake ni kupokea mshtuko wa mnyororo, zikiisha huleta mtetemo unaofanana kabisa na wa klachi. Raba hizo ni rahisi sana ukizilinganisha na pleti, na hazihitaji kufungua injini.

Milio na leva nzito

Mlio wa kugongagonga injini ikiwa nutrali, unaotoweka ukivuta leva, hutoka kwenye hausingi iliyolegea au springi zake za nyuma zilizochoka. Mlio unaoanza ukivuta leva ni wa beringi ndogo ya kusukumia presha pleti. Leva nzito karibu kila mara ni kebo: ning'iniza kebo, dondosha oili nyembamba ndani yake mpaka itokee upande wa pili, na ikiwa bado inakwaruza, ibadilishe. Usikubali kuwekewa springi dhaifu ili leva iwe nyepesi, kwa sababu utakuwa umejinunulia utelezi.

Kufungua, kupima na kurudisha

Pasha injini moto kidogo, umwage oili, kisha uondoe kiki na chochote kinachozuia kifuniko. Bolti za kifuniko hazilingani urefu. Chora umbo la kifuniko kwenye kipande cha katoni, utoboe matundu na uichomeke kila bolti mahali pake, kwa kuwa bolti ndefu ikilazimishwa kwenye tundu fupi hupasua ukuta wa injini. Gasketi ya zamani uikwangue kwa kitu kisichochimba aluminiamu, na uchunge zile pini ndogo za kulengea kifuniko zisipotee kwenye vumbi. Nimewahi kununua pikipiki ambayo pini hizo zilikosekana zote mbili, na mwenye karakana aliyeifungua kabla yangu alikuwa ameziba uvujaji kwa tabaka nene la gundi ya silikoni, ambayo vipande vyake nilivikuta vimeziba chujio la oili.

Bolti za springi zilegezwe kwa mkingamo, kidogo kidogo, na zikazwe vivyo hivyo wakati wa kurudisha, maana presha pleti ikiinama upande mmoja huvunja vinundu vinavyoshika springi. Toa pleti moja moja na uzipange kwa utaratibu uleule zilivyotoka. Pima unene wa pleti za msuguano kwa venia (kipimo chenye taya cha kupimia unene) katika sehemu tatu au nne za kila pleti. Katika pikipiki nyingi za kundi hili pleti mpya huwa na unene wa karibu milimita 3, na tofauti ya sehemu chache za milimita ndiyo inayotenganisha pleti nzima na iliyokwisha, kwa hiyo usipime kwa macho. Zile za chuma zilaze juu ya kipande cha kioo cha dirisha na ujaribu kupitisha fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) chini yake. Ile ya milimita 0.2 ikipita, pleti imepinda. Pleti ya chuma iliyogeuka rangi ya buluu imepitia joto kubwa, na hata ikiwa imenyooka mimi huibadilisha. Springi zisimamishe pamoja juu ya kioo hichohicho, na ukiona mojawapo ni fupi, badilisha zote.

Habu ikihitaji kutoka, tumia soketi na kishikio kinachofaa. Nati nyingi nilizozikuta zimeliwa kingo zilipigwa kwa tindo na nyundo, na nyufa kwenye vidole vya hausingi zilitokana na bisibisi iliyochomekwa humo ili habu isizunguke.

Pleti mpya za msuguano zilowekwe kwenye oili safi ya pikipiki usiku kucha, au kwa saa kadhaa kama mteja hana usiku wa kusubiri. Pleti zikiingia kavu huungua uso katika dakika za kwanza, na uso ulioungua haurudi. Ukimaliza kufunga, legeza kirekebishi cha kwenye leva mpaka katikati ya nyuzi zake, uweke ulegevu kwa kirekebishi cha upande wa injini, ili mwendeshaji abakiwe na nafasi ya kurekebisha kwa mkono akiwa njiani. Pikipiki ambazo zina skrubu ya kusukumia chini ya kifuniko kidogo, hiyo irekebishwe kabla ya kebo.

Kwa siku mbili tatu za kwanza apunguze mizigo na asiishikilie pikipiki mlimani kwa klachi nusu, bali atumie breki. Baada ya hapo apime tena ulegevu asubuhi injini ikiwa baridi, kwa sababu kebo mpya hujinyoosha na pleti mpya hukaa mahali pake, na kipimo alichoondoka nacho karakanani kinaweza kuwa kimesogea kwa milimita chache.